Jumapili Saba Mbele ya Chukwani

"Usikifungue, Radhiya. Nakuomba."

Radhiya alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua ya Miraji, iliyolala ubavu kwenye mchanga wa Shangani baada ya maji kupwa. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kisanduku cheusi kilichofungwa chini ya ubao anaokalia nahodha, mkono wa pili umeshika simu. Jua la saa tisa lilimchoma mgongo kupitia baibui. Hatua thelathini hivi kutoka hapo, wanaume wapatao arobaini walisimama makundi makundi wakijifanya wana mazungumzo yao, kumbe macho yote yako kwenye mashua hii moja.

"Nisikifungue?" aliuliza. "Miraji, unajua kilichomo humu?"

"Najua."

"Kila dakika ambayo mota hii imefanya kazi imeandikwa humu. Ikiwa hukuiwasha leo, kisanduku kitasema hukuiwasha. Watu watanyamaza, baba ataridhika, na sisi tutakwenda zetu."

"Sikuiwasha."

"Basi?"

Miraji aligeuza uso akatazama mlingoti, kitu ambacho alikuwa amekitazama kila siku ya maisha yake na hakikuwa na jipya.

"Basi niamini hivyo hivyo," alisema. "Kisanduku kiache."

Haya, mwambie mwanamke akiache kitu alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe, tena siku ambayo kitu hicho ndicho peke yake kinachoweza kumwokolea ndoa yake. Radhiya alihisi damu ikimpanda kichwani.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ile mashua tisa ziliondoka Shangani kwa tanga, kwenda kuzunguka kisiwa cha Changuu na kurudi. Ya Miraji, iliyoandikwa Sina Neno ubavuni, ndiyo iliyotangulia kufika. Ya pili ilikuwa ya Abdulrazak, bwana aliyeshinda miaka mitatu mfululizo na ambaye alikwisha kuzoea kupigiwa makofi. Hata hajashuka vizuri majini alipiga kelele kwamba ameibiwa.

Alikuwa na pa kushikia. Kabla ya mbio waamuzi walihakikisha hakuna mashine itakayotumika. Wenye mashine za petroli walizinyanyua juu ya maji, kila mtu akaziona. Lakini mota ya Miraji ni ya umeme, imekaa chini kabisa karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hainyanyuliki. Kwa hiyo mwamuzi mkuu aliingia majini mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, akaifunga rafadha yake, yale mapanga yanayosukuma maji, kwa kamba ya makumbi na fundo ambalo yeye alilisifu sana. Mashua iliporudi kamba haikuwapo.

Tena mota yenyewe haina sauti. "Ya petroli ungeisikia toka Bububu!" Abdulrazak alikuwa akimwambia kila aliyepita. "Hii yake hata ukiikalia husikii kitu. Nani ataapa kama hakuiwasha nyuma ya kisiwa, huko tusikoonana?"

Lingekuwa jambo la mbio tu, lingekwisha kwa soda na kushikana mikono. Lakini mwamuzi mkuu alikuwa Mzee Khatib, nahodha mstaafu wa Chukwani, na Mzee Khatib ndiye baba yake Radhiya. Ijumaa iliyokuwa inakuja, wazee wa Miraji walikuwa watoke Nungwi walete posa. Mzee alikuwa amesema mbele za watu, bila ya kupandisha sauti: "Nitaamua kabla ya adhana ya alasiri. Na nitakayemwona mwizi hapa ufukweni, nyumbani kwangu sitampokea."

Ndiyo maana Radhiya alikuwa amepiga magoti kwenye mbao za moto, na ndiyo maana hakuelewa hata kidogo.

"Nitazame," alimwambia Miraji.

Akamtazama. Lo, macho yale! Radhiya aliyajua tangu miezi minane iliyopita, siku Miraji alipomjia karakanani kwake kule Ng'ambo, chumba kimoja kilichojaa nyaya na mota za mashine za kusagia. Wengine wakiingia pale huuliza fundi yuko wapi, wakiambiwa ndiye huyu wanacheka kidogo, kisha wanauliza tena. Miraji hakuuliza. Alivua viatu mlangoni utadhani anaingia nyumbani kwa mtu, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaeleza shida yake.

Alikuwa akipeleka wageni Changuu kwa tanga, na upepo ukilala katikati ya safari hulazimika kuwasha mashine ya petroli. "Inanuka, inanguruma, abiria wanatapika, na hakuna anayemsikia mwenziwe," alisema. "Mimi nataka kitu cha kunisogeza tu mpaka upepo uamke. Ukiamka, kinyamaze. Chombo changu ni cha tanga, Bi Fundi. Sitaki kukigeuza boti."

Hakuna mteja aliyewahi kumweleza Radhiya kazi kwa upole namna ile. Ilimchukua wiki sita. Aliipima mashua kwa kamba na kwa penseli. Akatoa tumboni mwake mawe ya farumi, yale yanayowekwa ili chombo kisipinduke, na mahali pake akalaza betri nne nzito ndani ya sanduku lisiloingia maji. Uzito ukabaki ule ule, ila sasa ulikuwa uzito wenye nguvu ndani yake. Miraji alipouona mpango ule alisema kwamba babu zake wamebeba mawe miaka mia na hakuna aliyewaza kuyapa kazi ya pili.

Siku ya kuijaribu, upepo ulikata mbele ya Shangani hapa hapa. Radhiya akabonyeza. Miraji akangoja ngurumo, asiisikie.

"Haikuwaka," alisema kwa huruma, kama anayempa pole.

"Zitazame nyumba."

Akazitazama. Nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa zinapita moja moja, polepole, madirisha na roshani zake, na kitu pekee kilichosikika ni maji yakipasuka mbele ya chombo. "Subhanallah," alisema Miraji. Kisha akaacha kuzitazama nyumba na kuanza kumtazama aliyeyafanya yale. Radhiya, ambaye hajawahi kumtazama mteja mara mbili, alimtazama.

Baadaye upepo ulipoamka na tanga likajaa, alimwonesha namba kwenye simu zikipanda. "Sasa maji ndiyo yanaizungusha rafadha, na rafadha inazirudishia betri moto. Kidogo tu. Lakini inakula mwendo wako, inakuvuta nyuma. Ukiwa na haraka, ifunge isizunguke."

"Na nisipokuwa na haraka?" Miraji aliuliza. Siku ile hakuwa na haraka hata chembe.

Macho yale yale ndiyo yaliyokuwa mbele yake sasa, na yalikuwa yanaficha kitu.

"Umeiwasha," Radhiya alisema.

"Radhiya..."

"Umeiwasha, Miraji! Mtu asiyekuwa na lake haogopi kisanduku. Ungenambia mapema nkajua naolewa na nani. Kazi yangu umeitumia kuibia watu, na baba yangu ndiye mwamuzi!"

"Sema utakalo. Bora weye unidhanie mwizi kuliko..." Akakatiza.

"Kuliko nini?"

"Kuliko watu kukutaja wewe. Mimi mbio naweza kuzipoteza. Hata Ijumaa naweza kuipoteza, tutaomba tena mwakani, baba yako akipoa. Lakini hicho usikifungue."

Hata Ijumaa! Hilo ndilo lililomchoma. Kwamba mtu aliyemsubiri miezi minane anaweza kuiachia Ijumaa yao kirahisi hivyo, mithili ya mtu anayeahirisha kwenda sokoni. Machozi yalimjaa, na kwa hasira ya kuyaona machozi yake mwenyewe akabonyeza namba ya siri, ambayo ni yeye tu aliyeijua.

Simu ikaonesha kumbukumbu yote. Juu kabisa ilikuwa siku ya leo. Radhiya akasoma mara moja, akasoma tena, moyo ukamruka kwa furaha. Mota haikutoa nguvu hata kidogo tangu asubuhi.

"Hukuiwasha!" alinong'ona. "Miraji, wallahi hukuiwasha! Mbona basi..."

Kidole kilikuwa kimekwisha kuteremka mstari wa chini.

Jumapili iliyopita, saa tatu asubuhi. Nusu saa. Nguvu ndogo kabisa, ile ya kukishikilia chombo kisichukuliwe na mkondo. Mahali: Chukwani. Chini yake Jumapili nyingine, saa tatu, nusu saa, Chukwani. Akahesabu. Zilikuwa Jumapili saba, na mahali palikuwa pamoja tu, mita mia mbili kutoka uwani kwao.

Jumapili ndiyo siku anayofunga karakana. Saa tatu asubuhi huwa uwani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alikumbuka sasa. Alikuwa akiona mashua iliyotua tanga, imetulia pale pale, akadhani ni watu wa pweza.

"Ulikuwa unafanya nini?" sauti ilimtoka ndogo.

"Nnakaa tu." Miraji alikuwa anauangalia mchanga. "Mzee aliniambia nisitie mguu kwake mpaka nije na wazee wangu. Sikutia. Nkija kwa tanga toka mjini, nkifika natua tanga, mota inanishika pale. Nakutazama nusu saa, narudi kazini."

"Jumapili saba?"

"Ningekuwa na mashine ya petroli ungenisikia siku ya kwanza." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Na mimi nisingekusikia unaimba."

"Mimi siimbi!"

"Unaimba, Radhiya. Vibaya sana. Jumapili ya tatu nusura nianguke majini kwa kicheko."

Radhiya alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumpiga na ile simu. Alipendwa namna hii, na hakujua! Akafunika mdomo kwa ukingo wa mtandio.

"Umeona sasa?" Miraji alisema taratibu. "Kikisomwa hiki mbele ya Abdulrazak, kesho mji mzima utasema binti wa Mzee Khatib alikuwa na mtu wake baharini kila Jumapili. Nani atauliza kama nilishuka au sikushuka? Baba yako ataaibika papa hapa alipokaa kuhukumu. Kwa hivyo acha niwe mwizi wa mbio. Watu watasahau."

"Radhiya!"

Sauti ya baba yake. Mzee Khatib alikuwa anakuja, amevaa kofia yake ya viua, suruali bado ina chumvi magotini. Nyuma yake alikuwa Abdulrazak na waamuzi wawili, na nyuma yao ufukwe mzima ukisogea bila kuonekana unasogea.

"Abee, baba."

"Nimeambiwa chombo hiki kina kitu kinachoandika."

"Ndiyo, baba."

"Kinaandika kweli?"

"Kinaandika kilichotokea, baba. Hakijui kuandika kingine."

"Hayo ni maneno ya aliyekitengeneza," Abdulrazak alidakia. "Na aliyekitengeneza anaolewa na mwenye chombo. Mzee, mimi nakuheshimu, lakini hili..."

"Umesema haki," Mzee Khatib alimkatiza. "Ndiyo maana nataka kukijaribu kwanza. Nitakiuliza siku ninayoijua mimi, siku ambayo nilikiona chombo hiki kwa macho yangu na hakuna niliyemwambia. Kikisema kweli siku hiyo, nitakisadiki na leo." Akamgeukia binti yake. "Jumapili iliyopita, saa tatu asubuhi. Kilikuwa wapi?"

Baba yake hakuchukua miwani, simu ilikuwa mkononi mwake peke yake. Angeweza kutaja Changuu, Bawe, au popote. Lakini akitaja popote, kisanduku kitakuwa mwongo, na Miraji atakuwa mwizi milele.

"Mzee." Miraji aliruka chini kwenye mchanga, akasimama mbele ya Mzee Khatib. "Hakuna haja ya kuuliza. Mbio nimeiba. Mpeni Abdulrazak ushindi wake."

Watu wakasogea karibu zaidi. Abdulrazak mwenyewe alirudi hatua nyuma.

Na hapo ndipo Radhiya alipoona kwamba mtu huyu yuko tayari kuchafuliwa mbele ya mji mzima ili yeye asiguswe hata na neno moja. Woga wote ukamtoka. Akasimama wima ndani ya mashua, juu ya vichwa vyao wote, akasoma kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia mbele ya baba yake.

"Chukwani! Jumapili iliyopita, saa tatu asubuhi, nusu saa, Chukwani, mita mia mbili kutoka nyumbani kwetu. Na Jumapili ya kabla yake, pale pale. Na ya kabla yake. Jumapili saba, baba. Hakushuka hata mara moja. Na mimi wallahi nimejua leo, dakika hii."

Mzee Khatib alimtazama binti yake, kisha Miraji, kisha tena binti yake. Akakohoa.

"Mita mia mbili," alisema. "Mimi nilikisia mia na themanini. Macho yanazeeka."

"Baba?"

"Nilikuwa dirishani na kikombe changu cha kahawa. Jumapili ya kwanza nilikwenda nkachukua fimbo, nkasema akikanyaga tu pwani yangu nampokea nayo. Sikusikia mashine, wala nanga hakutia, chombo kimesimama pale mkondo unapita. Nimekaa baharini miaka arobaini, sijaona chombo kikisimama hivyo. Nikawa naja dirishani kukitazama." Akaiweka kofia yake sawa. "Jumapili saba nimemngoja atie mguu, hakutia." Akageukia waamuzi wenzake na sauti ikawa ya kazi. "Kisanduku kinasema kweli. Wa kwanza kuongopa hapa leo ni huyu kijana, sasa hivi, mbele yangu. Miraji!"

"Naam, mzee."

"Usirudie tena."

"Sirudii."

"Haya, binti. Soma ya leo."

Radhiya alisoma. Mota haikutoa nguvu hata chembe. Saa nne na robo, nyuma ya kisiwa, rafadha ilianza kuzunguka, lakini moto ulikuwa ukiingia kwenye betri, haukuwa ukitoka. Ni maji ndiyo yaliyoizungusha. Betri ziliondoka asubuhi na sitini na moja kwa mia, zikarudi na sitini na nne.

"Kwa hivyo saa nne na robo ndipo kamba ilipokatika," mwamuzi mmoja alisema, na hakumtazama Mzee Khatib.

"Fundo langu," Mzee Khatib alikiri, na ilionekana hilo lilimwuma kuliko yote yaliyotangulia. "Fundo halikuwa na neno. Kamba ndiyo iliyokuwa ya zamani. Nilikuja nayo toka nyumbani, nkaona aibu kununua mpya kwa kazi ya asubuhi moja." Akafikiri. "Na hiyo rafadha ikizunguka yenyewe, chombo kinakuwaje?"

"Kinavutwa nyuma, baba. Ni sawa na kuburura ndoo."

Mzee Khatib, aliyewahi kwenda Pemba na kurudi mara zisizohesabika, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimgeukia Abdulrazak polepole.

"Umesikia? Toka nyuma ya kisiwa mpaka hapa, kijana amekushinda anaburura ndoo."

Kicheko kililipuka ufukwe mzima. Abdulrazak aliona haya, akajikuna shingo, akatazama tanga la Sina Neno, akatazama mkuku wake. Alikuwa mpenda sifa lakini alikuwa baharia kweli, na baharia akiona kazi huijua. Akamwendea Miraji na kumpa mkono.

"Nisamehe, yakhe," alisema. Kisha akanyanyua uso kwa Radhiya. "Na wewe dada, ukimaliza mambo yako ya Ijumaa, na mimi nitakuja kuyatoa mawe yangu."

Watu walianza kutawanyika, kila mmoja na hadithi yake ya kupeleka nyumbani. Radhiya alibaki amesimama ndani ya mashua. Miraji alikuwa chini mchangani, hakuna aliyemwambia aondoke wala abaki. Walitazamana, na mtazamo huo ulikuwa na yote ambayo mbele ya mzee hayasemeki. Mzee Khatib alijishughulisha na kukung'uta chumvi kwenye suruali yake muda mrefu kuliko chumvi yenyewe ilivyokuwa.

"Radhiya," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Abee."

"Ukikuna nazi, kuna nazi. Hiyo nyimbo iache. Umemtoa mtu wa watu mjini mpaka Chukwani."

"Baba!"

"Na wewe." Sasa aliinua kichwa. Alimtazama Miraji toka juu mpaka chini, kwenye miguu yake iliyoganda mchanga. "Wazee wako waje Ijumaa baada ya sala. Njoo nao kwa gari, baharini nimechoka kukutazama. Na ukifika mlangoni kwangu, mwanangu, tia mguu wa kulia."

Akageuka, akaenda zake akiifuata adhana iliyokuwa imeanza. Miraji alibaki ameinamisha kichwa, anautazama mguu wake wa kulia kama amepewa leo, na Radhiya, juu ya mashua yenye betri mahali pa mawe, alilia bila kuificha tena.